Paka Aliyekataa Dagaa: Kisa cha Kumlisha Paka Mchaguzi kwa Shilingi Elfu Moja kwa Siku

Kisa hiki kimetoka kwenye kazi yangu ya kuhudumia wanyama wa nyumbani hapa Dar es Salaam. Majina, mtaa na mambo yanayoweza kuitambulisha familia nimeyaondoa. Uzito, vyakula na mpangilio wa matukio nimeviacha kama vilivyokuwa. Nimekichagua kwa sababu ushauri uliokaribia kumuua paka huyu ndio unaotolewa zaidi katika nyumba zetu: mwacheni, akiona njaa atakula.

Usuli

Mama Z ni mstaafu, mkazi wa wilaya ya Kinondoni. Anaishi na binti yake, kijana wake wa kiume na wajukuu wawili katika nyumba yenye ua katikati, na vyumba vya upande mmoja amepangisha. Binti alikuwa akifanya kazi za ndani kwa familia ya kigeni. Mkataba wa familia ile ulipoisha wakarudi kwao, wakamwachia paka: jike wa umri wa miaka minne hivi, amefungwa kizazi na amechanjwa kichaa cha mbwa. Alikuja na kadi yake ya chanjo na mfuko wa chakula kikavu uliokwisha kufunguliwa.

Kadi ile ilitusaidia kuliko mfuko. Iliandikwa uzito wake wa mwisho, kilo 3.8.

Paka huyu alikuwa amelishwa chakula kikavu tangu anaachishwa kunyonya. Hajawahi kula samaki, hajawahi kuona ugali. Watu wengi huona hilo ni jambo dogo, nami naliona ndio mzizi wa kisa kizima. Paka hujifunza kipi ni chakula akiwa bado mdogo, kwa harufu na kwa mguso wa mdomoni. Akishakomaa, kitu kipya hukitilia shaka hata kama ni kizuri. Paka wa mtaani aliyekulia jalalani ameonja kila kitu, kwa hiyo anakula kila kitu. Huyu alikuwa anakijua kitu kimoja tu.

Mfuko ulipoisha

Mama Z alimwekea kile wanachokula paka wengine wa pale uani, ugali uliovurugwa na dagaa wa jana. Paka alinusa, akaondoka. Jioni akachanganyiwa uji na maziwa, ukatiwa sukari kidogo ili umvutie. Hakuonja. Kijana wa Mama Z, ambaye ndiye anayebeba sehemu kubwa ya matumizi ya nyumba, akasema paka amedekezwa na aachwe mpaka ashike adabu. Wapangaji wakaunga mkono. Sahani ikakaa siku mbili bila kuguswa. Siku ya tatu paka akatapika povu la njano na kujificha chini ya kitanda.

Mjukuu mmoja ndiye aliyemwokoa. Alimega kipande cha kibua cha kukaanga kutoka kwenye sahani yake akamsogezea pale chini ya kitanda, na paka akala.

Tangu hapo akawa hali kingine. Ni kibua, kiwe kimekaangwa, kiwe cha siku hiyohiyo, na anachotaka ni mnofu wa mgongoni. Kikilala hakigusi. Hapa familia iliingia kwenye shida ambayo kwa mbali haionekani. Bei ya kibua haitulii. Vibua na dagaa wa baharini huvuliwa sana kwa taa katika usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka samaki hupungua sokoni. Upepo wa kusi ukichachamaa, vyombo vidogo havitoki. Paka aliyefungwa kwenye kibua cha leo amefungwa kwenye mwezi na upepo. Siku ambazo kibua kilikosekana au kilipanda bei, hakula. Siku ambazo kilipatikana, alikula mnofu, na watoto wakagombania kichwa na mkia.

Kijana akatoa kauli kwamba paka apelekwe Feri. Kwenye soko la samaki, alisema, hawezi kufa njaa. Wazo hilo nimelisikia mara nyingi, na huwa linatoka kwa watu wenye nia njema. Lakini paka wa nyumbani aliyefungwa kizazi, asiyejua kupigania chakula, akiachwa katikati ya paka wa soko hupigwa, huambukizwa magonjwa na hufukuzwa kila penye utumbo wa samaki. Binti akaomba kwanza atafutwe mtu wa kumwangalia.

Hali niliyomkuta nayo

Nilifika jioni, wakati wa mapishi, kwa makusudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Huyu mgonjwa wako ni wa kizungu. Chakula chetu hakiwezi."

Nilimwomba aniambie alichokula jana, saa ngapi, nani alimpa, na kilikuwa cha moto au kimepoa. Maswali haya huwa yananipa zaidi kuliko swali la "anapenda nini". Majibu yalionyesha kitu ambacho familia haikuwa imekiona: kila alipokula, chakula kilikuwa kimetoka jikoni muda huohuo. Kila alipokataa, kilikuwa kimepoa.

Mizani ilisoma kilo 2.9. Alikuwa amepoteza karibu robo ya uzito wake. Manyoya yalikuwa makavu, na uti wa mgongo unahesabika kwa vidole. Niliangalia ufizi, weupe wa macho na ndani ya masikio kutafuta umanjano, haukuwepo. Tumbo halikumuuma nilipolibonyeza. Meno ya nyuma yalikuwa na ukoga na ufizi wake umekuwa mwekundu, ingawa hakuna jino lililolegea. Paka mwenye kidonda mdomoni huonekana mchaguzi kumbe anaumwa, kwa hiyo hatua hii haifai kurukwa. Alipewa dawa ya minyoo kwa uzito wake.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza, asinyimwe kibua. Mama Z alishangaa, kwa sababu alitegemea nianze kwa kumkataza. Paka asiyekula kwa siku kadhaa, hasa aliyekuwa na mwili, huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Ini likijaa mafuta, manjano huingia na hamu ya kula hufa kabisa. Hapo hata ukimwekea minofu ya kuku hataki tena, na wengi hufa hivyo huku wenyewe wakiamini bado anaringa. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kususa siku mbili akarudi kwenye sahani bila madhara. Kwa paka, siku ya pili bila kula tayari ni ugonjwa wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo.

La pili lilikuwa fedha. Nilimwomba Mama Z ataje kiasi ambacho hakitaleta maneno ndani ya nyumba.

"Elfu moja kwa siku, mwanangu. Na ziko siku hata hiyo haipo."

Tukakubaliana manunuzi yawe ya wiki badala ya siku, ili siku isiyo na fedha isiwe siku ya njaa. Hilo peke yake lilipunguza gharama, maana kibua cha kununua kimojakimoja jioni ndicho ghali kuliko vyote.

La tatu, tununue nini. Hapa nilisimama kwa muda, kwa sababu jibu rahisi, yaani chakula kikavu kamili cha dukani kila siku, lingeimaliza bajeti, na jibu la bei nafuu, yaani nyama tupu, lingemdhuru polepole. Paka ni mla nyama wa lazima. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, yaani kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, hauwezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama wetu unavyofanya, na unahitaji protini nyingi kila siku. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka waliokosa taurini waliharibika retina ya jicho. Mwaka 1987 ikaonekana kwamba upungufu huohuo hulegeza misuli ya moyo, na watengenezaji wa vyakula vya paka wakaongeza taurini. Kwa hiyo mfuko wa dukani una kazi yake. Niliamua chakula kikavu cha paka kibebe karibu nusu ya mahitaji yake, gramu 25 hivi kwa siku, na nusu nyingine itoke sokoni.

Muuzaji mmoja alikuwa amempendekezea Mama Z chakula cha mbwa kwa kuwa ni cha bei ya chini. Nilikikataa moja kwa moja. Mbwa hujitengenezea taurini mwilini, ndiyo maana chakula chake hakilazimiki kubeba kiasi anachohitaji paka.

Sokoni, macho yangu yalikuwa kwa wachinja kuku. Firigisi zina wateja wao siku hizi, mishikaki imezipandisha bei. Shingo na mioyo bado zinapatikana kwa bei ya kuvumilika ukinunua asubuhi na ukizoeana na muuzaji. Mioyo ina taurini nyingi, na nyama nyeusi ya kuku inayo zaidi ya kidari, kwa hiyo kilicho ghali kwetu si lazima kiwe bora kwake. Maini tuliyapangia kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba mara moja kwa wiki, basi. Ini likizidi, vitamini A hurundikana na baada ya muda mrefu mifupa ya shingo hukakamaa.

Mapishi yalikuwa hivi. Shingo na mioyo zichemshwe kwa maji kidogo, bila chumvi, bila kitunguu maji, bila kitunguu saumu. Vitunguu vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimeiva na kupotelea kwenye mchuzi. Zikiiva, nyama ichambuliwe kwa mkono na mifupa itupwe, maana mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka ncha kali. Supu isimwagwe. Taurini huyeyuka kwenye maji, na anayechemsha nyama kisha akamwaga supu amemwaga kile alichokilipia.

Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na paka anayeila hivyo miezi mingi huanza kunyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Dawa yake ilikuwepo jikoni kwa Mama Z: maganda ya mayai, yaliyooshwa, yakakaushwa, yakasagwa. Nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama.

Kuhusu kumvusha kutoka kibua kwenda kuku, niliwategemea dagaa walewale aliowakataa. Alichokikataa siku ya kwanza kilikuwa ugali baridi wenye dagaa waliopikwa na vitunguu. Dagaa wenyewe, wakikaangwa bila mafuta na kutwangwa, wana harufu ambayo paka wachache sana huipita. Nilimwelekeza Mama Z achague dagaa wa Mwanza wasio na chumvi, awaonje mwenyewe kabla ya kununua, awaoshe mara kadhaa kutoa mchanga, awakaushe kwenye chungu na kuwatwanga kwenye kinu. Unga huo unyunyizwe juu ya chakula, kiasi cha kubana kwa vidole viwili.

Wiki zilizofuata

Siku za mwanzo aliwekewa kibua chake kama kawaida, kikiwa na punje chache za kuku chini ya mnofu na unga wa dagaa juu. Alikula. Kila baada ya siku chache kibua kilipungua kidogo na kuku akaongezeka kidogo. Binti ndiye aliyesimamia, na uvumilivu wake ulifanya kazi ambayo mimi nisingeweza. Alipoona paka amebakiza, alirudi hatua moja nyuma bila kumlazimisha.

Chakula kikavu kilisumbua. Kile kilichonunuliwa kwa kupimwa kutoka kwenye gunia lililo wazi alikikataa kabisa, na nilipokinusa nilimwelewa. Mafuta yalikuwa yameshaanza kuharibika. Kwa joto na unyevu wa Dar, mfuko uliofunguliwa hauchukui muda kubadilika harufu, na paka hunusa mabadiliko hayo kabla yetu. Ukatafutwa mfuko mdogo uliofungwa kiwandani, ukahamishiwa kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, mbali na siafu na jiko. Hata hivyo hakula mpaka binti alipokiponda na kukilowesha kwa supu ya moto. Hiyo ikawa njia yake ya kudumu, na faida yake ya pili ni maji, kwa kuwa paka kwa asili hunywa kidogo.

Maganda ya mayai yalimrudisha nyuma. Yalikuwa yametwangwa chengachenga, na paka akaacha sahani nzima. Binti akayasaga upya na kuyapitisha kwenye chujio la chai, akaanza na chembe kidogo sana. Ilichukua muda kufikia kipimo kamili.

Kisha mwezi wa Ramadhani ukaingia. Jiko likahamia jioni, na asubuhi paka akawa anapewa chakula kutoka kwenye friji. Akagoma tena, na kijana akaanza upya habari za Feri. Nilipoombwa ushauri kwa simu nilijibu kitu kimoja: kibakuli kiwekwe ndani ya maji ya moto mpaka chakula kifikie joto la mwili, ajaribiwe. Asubuhi iliyofuata alikula.

Lilitokea pia tukio la mpangaji kummwagia mchuzi wa rosti uliobaki, kwa ukarimu tu. Alitapika usiku kucha. Ufizi wake haukupauka siku zilizofuata, yaani vitunguu vya mchuzi havikuwa vimeiharibu damu yake, nashukuru. Baada ya hapo Mama Z aliwaita wapangaji wote uani na kuwaomba kwa heshima asilishwe na mtu mwingine.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu wa mpango huu alikuwa na kilo 3.6, manyoya yamelala vizuri, na matumizi yamekaa ndani ya elfu thelathini kwa mwezi. Zaidi ya theluthi ya fedha hiyo ilikwenda kwenye mfuko wa chakula kikavu, iliyobaki ni wachinja kuku na dagaa. Kibua anakipata mara moja kwa wiki, cha kuchemsha, familia inapokula samaki. Ini hakuwahi kulikubali hata lilipofichwa, nasi hatukumlazimisha, kwa kuwa vitamini A anaipata kwenye chakula kikavu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni joto la chakula. Paka anaongozwa na pua, na chakula baridi hutoa harufu kidogo. Nyumba nyingi zinazolalamika kuhusu paka mchaguzi zingemaliza nusu ya tatizo kwa kikombe cha maji ya moto, bila kuongeza hata shilingi. Nimeshuhudia watu wakibadilisha chakula kimoja baada ya kingine, kila kimoja ghali kuliko cha jana, na vyote vimetoka kwenye friji.

Sukari ya kwenye uji haikuwa na nafasi tangu mwanzo. Mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba jeni ya kipokezi cha utamu kwa paka imeharibika, hivyo utamu tunaoujua sisi yeye hauonji. Mama Z alimwekea kwa upendo kitu ambacho kwa paka kilikuwa maji mazito yasiyo na utamu, na maziwa ndani yake yangeweza kumharisha.

Chakula cha kibua peke yake kingekuja kudai deni lake baadaye. Samaki wa mafuta kila siku humaliza vitamini E na kusababisha mafuta ya chini ya ngozi kuvimba na kuuma. Baadhi ya samaki wakiliwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Kwa kuwa vya Mama Z vilikuwa vinakaangwa, hatari hiyo ya pili haikuwepo, ila wapo wanaowapa paka samaki wabichi wakiamini ndio uasili.

Jambo ambalo halikufanikiwa ni mpango wa kuchangishana na jirani mfuko mkubwa wa chakula kikavu. Kwa hesabu ya kilo ulikuwa nafuu sana. Nyumba mbili zenye paka mmojammoja hazikuweza kuumaliza kabla haujabadilika harufu, na robo yake waliishia kuwapa kuku. Kwa hali ya hewa yetu mfuko mdogo ndio nafuu ya kweli, labda kama paka ni wengi.

Ugomvi wa familia nao una sehemu yake katika kisa hiki. Kijana hakuwa mkatili. Aliona watoto wake wakila mikia na paka akila mnofu, na hilo baba yeyote lingemuuma. Kilichombadilisha ni kuona samaki wamerudi kwenye sahani za wanawe, na hesabu ya mwezi imeandikwa na dada yake kwenye daftari. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayepitia kwa mchinja kuku akitoka kazini Jumamosi.

Mpango huu ulitengenezwa kwa paka mzima, aliyefungwa kizazi, asiye na ugonjwa mwingine. Mtoto wa paka, paka mwenye mimba au anayenyonyesha, na paka mzee mwenye figo mbovu wana mahitaji tofauti, na vipimo vya hapa visihamishiwe kwao. Hata kwa huyu, nusu inayotoka sokoni haijakamilika kama chakula kilichotengenezwa kitaalamu, ndiyo maana chakula kikavu hakiondolewi hata wiki moja, anapimwa kila mwezi, na macho na moyo wake huangaliwa kila anapopelekwa chanjo. Ukoga wa meno ya nyuma bado upo. Binti ameanza kuweka akiba ya kwenda kuusafisha.